Mambo ya Nyumbani: Bakuli la Mzee



Mwezi uliopita tuliwaahidi habari za kutunza visima. Lakini limetokea jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia, basi twaomba visima vingoje kidogo. Leo twataka kusema juu ya wazee wetu waliomo nyumbani, na hasa juu ya kile tunachowatilia bakulini.

Yapata miezi miwili sasa tulikwenda kumtazama mama mmoja mjane, aliyepita miaka 80. Mahali pake kanisani palikuwa patupu tangu Pasaka. Zamani mama huyu alikuwa akiipanda njia ya kilimani kabla ya kengele ya pili, na vijana wakaona haya kumfuata nyuma. Siku ile tulimkuta ameegemea ukuta, nguo zimempwaya, na mkono wake ulipotushika ulikuwa hauna uzito.

Mwanawe ni mtu mwema, tena ana kazi ya mshahara. Alitueleza kwa furaha jinsi anavyomtunza mama yake: asubuhi chai yenye sukari nyingi na mkate mweupe, mchana wali na mchuzi, jioni chai tena na mkate. Mama alikuwa ameomba togwa na maziwa ya mgando, naye akamkatalia. "Mama," alisema, "togwa ni ndugu yake pombe, na mgando ni maziwa yaliyoharibika. Sitaki watu waseme kwamba nakulisha vyakula vya shida." Mama hakubishana na mwanawe. Lakini alipotoka nje kutuletea viti, mama alituambia kwa sauti ndogo: "Wanangu, mkate huu ni mtamu, lakini haunishiki. Nakula, na nguvu haziji."

Majirani walisema, "Ni uzee tu." Nasi tulirudi njiani tukijiuliza: Je, ni uzee tu?

Yafaa tujue kwamba uzee ni jambo moja, na unyonge wa uzeeni ni jambo jingine, ijapokuwa mara nyingi huonekana pamoja. Mwaka 2001 tabibu mmoja wa Marekani, Linda Fried, pamoja na wenzake, waliandika dalili tano za unyonge huo, na matabibu wengi wangali wakizitumia. Ya kwanza, mzee hukonda bila kukusudia. Ya pili, huchoka upesi, na kila kazi humwia nzito. Ya tatu, mkono wake hauna nguvu ya kushika. Ya nne, mwendo wake ni wa polepole. Ya tano, kazi zake za mwili zimepungua sana. Aliye na dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa mnyonge. Aliye na moja au mbili yu njiani kuelekea huko. Wako watu wa miaka 85 wasio na hata moja, na wako wa miaka 65 wanaozo zote. Basi, si miaka peke yake imletayo mtu hapo.

Mambo yaletayo unyonge ni mengi. Kuna maradhi, kuna majonzi ya kufiwa, kuna kukaa bure mchana kutwa. Lakini liko jambo moja ambalo kila nyumba yaweza kulitengeneza bila fedha nyingi, nalo ni chakula. Mzee hupungukiwa na meno. Ladha humtoka ulimini. Tumbo hujaa upesi. Mtakumbuka habari ya Barzilai Mgileadi katika Kitabu cha Pili cha Samweli: alipokuwa na miaka 80 alimwambia mfalme Daudi kwamba hawezi tena kuonja alacho wala anywacho. Mtu wa namna hii, akipewa kidogo kisicho na nguvu, hushiba upesi, na nyama ya mwili wake huliwa na siku zake. Hashindwi kula, ila alacho hakimjengi.

Sasa turudi kwenye ile togwa na ule mgando ambao mama alinyimwa.

Ndani ya matumbo ya kila mtu wamo viumbe hai wadogo mno, wasioonekana ila kwa hadubini, na idadi yao haihesabiki. Twaviita vijidudu, na tukisikia neno hilo twafikiri maradhi tu. Lakini vingi katika hivyo ni watumishi wetu. Makapi ya nafaka, nyuzi za mboga, maganda ya kunde na maharagwe, yote ambayo tumbo letu haliwezi kuyasaga, wao huyala. Na katika kuyala hutoa namna ya asidi inayolilisha na kulitia nguvu ganda la ndani la utumbo. Wakikosa chakula chao, hupungua, na namna zao huwa chache.

Viko na vijidudu vingine vya manufaa ambavyo hukaa katika chakula chenyewe. Ndivyo vinavyochachusha maziwa na uji. Mwaka 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba maziwa hayachachi kwa kuoza, bali kwa kazi ya viumbe hai vidogo. Vijidudu hivyo hula sukari ya maziwa au ya nafaka, na kuigeuza kuwa asidi. Na asidi ile huvizuia vijidudu vingi vibaya visiote. Basi maziwa yaliyogandishwa kwa utaratibu hayakuharibika, bali yamehifadhiwa. Bibi zetu walilijua jambo hili kwa mikono yao kabla wataalamu hawajalijua kwa vioo vyao.

Baada ya Pasteur akaja mtu mwingine, Élie Metchnikoff, mzaliwa wa dola ya Urusi aliyefanya kazi Paris, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Yeye alifundisha kwamba wakulima wa Bulgaria huishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao ya mgando, na yeye mwenyewe akayanywa kila siku. Watu wengi wakamfuata. Metchnikoff alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Baadaye ilionekana kwamba kijidudu alichokisifu hakifanyi maskani katika utumbo wa mwanadamu, bali hupita tu. Na ile miaka mingi ya wakulima haikuwa na ushahidi wa kutosha. Twawakumbusha habari hii ili mtu yeyote akija mlangoni kwenu kuuza chupa ya dawa ya kuishi miaka 100, mjue kwamba wimbo huo ni wa zamani.

Walakini Metchnikoff hakukosea yote. Katika miaka yetu hii wataalamu wameichunguza tena habari ya matumbo ya wazee, kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2012 wachunguzi wa Cork katika Ireland walitoa habari za wazee 178. Waliwaona wale wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee, wakila vyakula visivyobadilika sana, ya kuwa vijidudu vyao vya tumbo ni vya namna chache kuliko vya wale wanaoishi makwao. Tena uchache ule uliandamana na unyonge. Kuandamana si kusababisha, maana mnyonge naye hubadili chakula chake. Kwa hiyo uchunguzi mwingine ulihitajika.

Huo ulichapishwa mwaka 2020. Wazee 612, wa miaka 65 hata 79, katika nchi tano za Ulaya, yaani Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, Italia na Poland, waligawanywa. Wengine waliendelea na chakula chao cha desturi. Wengine, kwa muda wa mwaka mmoja, walikula kwa mfano wa watu wa kando ya Bahari ya Kati: mboga nyingi, matunda, jamii ya kunde, nafaka isiyokobolewa, samaki, mafuta ya zeituni, na nyama nyekundu kidogo. Wale walioshika chakula hicho vizuri, vijidudu vya manufaa viliongezeka matumboni mwao. Na kuongezeka huko kuliandamana na kupungua kwa unyonge, na akili kuwa nyepesi zaidi. Tena damu yao ilionyesha dalili chache za ule moto wa ndani ambao mwili huuwasha unapopigana na maradhi. Kwa kijana moto huo huzimika vita ikiisha. Kwa wazee wengi hubaki ukifuka kama kaa chini ya majivu, na huila nyama ya mwili polepole.

Jambo lililo karibu zaidi nasi lilitokea Kilimanjaro. Mwaka 2025 wachunguzi wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walitoa habari za wanaume 77 wenye afya. Wale wa shamba, waliozoea ndizi, maharagwe, mboga na nafaka zao, walipewa kwa majuma mawili chakula cha mtindo wa Kizungu; na wa mjini wakapewa chakula cha wazee wao. Katika muda huo mfupi tu, damu ya wale wa kwanza ilionyesha moto wa ndani ukipanda, na ya wale wa pili ilionyesha ukishuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana bado baada ya majuma manne. Wanaume wale hawakuwa wazee, wala majuma mawili si maisha. Lakini ni ushuhuda wa kutufanya tufikiri kabla ya kumwambia mama kwamba chakula chake ni cha shida.

Katika uchunguzi huohuo kundi la tatu lilipewa kwa juma moja mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, nalo pia likaonyesha moto kupungua. Hatulifichi jambo hili, kwa kuwa ukweli hauna haja ya kufichwa. Lakini hatuwaambii wazee wetu wanywe mbege. Mbege hulevya, na mzee aliyedhoofika mguu, akilewa kidogo tu huanguka, na nyonga iliyovunjika uzeeni ni msiba mkubwa. Manufaa ya chachu yapatikana bila kileo, nasi tuna njia mbili zilizo karibu.

Hapa lazima tuseme wazi, maana dhamiri za watu zimo katika neno hili. Wako waalimu wa zamani ambao, kwa kuogopa ulevi, walikemea kila kibuyu bila kuuliza kilichomo. Hofu yao ilikuwa na sababu. Tumeziona nyumba zilizobomolewa na pombe. Lakini togwa ya usiku mmoja si pombe. Imechachushwa hasa na vijidudu vya jamii moja na vile vya maziwa ya mgando, na mtu hawezi kulewa kwayo. Ikiachwa siku nyingi, hamira huishika nayo huanza kugeuka. Hapo ndipo pa kuacha. Bwana wetu mwenyewe aliitumia chachu iliyofichwa katika pishi tatu za unga kuwa mfano wa ufalme wa mbinguni. Basi tusiogope chachu kwa jina lake tu. Tuangalie siku zake na matunda yake.

Sasa twaandika yanayofaa kufanywa nyumbani.

Kwanza, maziwa. Yachemsheni hata yafure, kisha yaacheni yapoe mpaka kidole kivumilie ujoto wake. Tieni kijiko kimoja au viwili vya mtindi mzuri wa jana, koroga, funika, weka mahali penye joto usiku kucha. Msigandishe maziwa mabichi. Asidi ya mgando haitoshi kuua kila ugonjwa wa ng'ombe, na homa ya kutupa mimba ya mifugo pamoja na kifua kikuu vyaweza kupita katika maziwa yasiyochemshwa. Tena watu wazima wengi wa kwetu hutaabika tumbo kwa maziwa matamu, kwa sababu hawawezi kusaga sukari yake vizuri. Vijidudu vya mgando huila sehemu ya sukari hiyo, na kwa hiyo mzee aliyekataa maziwa mara nyingi huuweza mtindi.

Pili, togwa. Pikeni uji mzito wa unga wa mtama, ulezi au mahindi, uive kabisa. Ukiwa vuguvugu, tieni unga wa kimea cha ulezi, na kikombe cha togwa njema ya jana. Funikeni, ngojeni hata kesho. Mtaona ajabu: uji mzito umelainika bila kuongezwa maji. Ni kazi ya kimea, kinachokata wanga vipande vidogo. Kwa hiyo kikombe kimoja cha togwa chaweza kubeba unga mwingi kuliko kikombe cha uji mwembamba, na mzee asiye na meno hupata zaidi kwa kumeza kidogo. Tena kuchachuka hulegeza vifungo vinavyoshikilia madini ya chuma na zinki katika nafaka, mwili ukayapata kwa urahisi zaidi. Na ndani ya Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliokunywa togwa walikuwa na vijidudu vya kuharisha vichache kuliko wenzao.

Tatu, chakula cha kujenga mwili, ambacho huitwa protini. Hapa ndipo chai na mkate hushindwa kabisa. Mwaka 2013 jopo la wataalamu lilishauri kwamba mzee apate kila siku gramu 1 hata 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake. Mama mwenye kilo 45 ahitaji basi gramu 45 hata 54. Vipande viwili vya mkate mweupe huleta yapata gramu 5. Lakini kikombe cha mtindi huleta kama 8, yai moja 6, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama 15. Hesabuni wenyewe: vikombe viwili vya mtindi, yai, na kikombe cha maharagwe yaliyopondwa, tayari zimefika 37, dagaa waliotwangwa katika mboga na unga wa togwa watamaliza safari. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii mpaka amwulize tabibu.

Nne, wapeni watumishi wa tumboni chakula chao: mchicha, matembele, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa sana, kunde, na unga usiokobolewa. Mtindi bila mboga ni kuajiri vibarua bila kuwapa posho.

Tano, mzee asikae tu. Chakula hakijengi nyama ya mwili isiyotumiwa. Mwacheni achambue mboga, afagie kidogo, ainuke kitini na kuketi tena mara kadhaa kila siku, mtu akiwa karibu. Kumnyang'anya mzee kila kazi si heshima. Ni kumharakishia kitanda.

Na maonyo mawili. Mzee akikonda upesi, akikohoa siku nyingi, akikojoa mno, au akikataa chakula kabisa, mpelekeni hospitali kwanza. Togwa haiponyi kifua kikuu wala ugonjwa wa sukari. Na aliye mgonjwa sana, hata nguvu zake za kupigana na maradhi zimevunjika, asipewe vya kuchacha bila ruhusa ya tabibu. La pili: nafaka yenye ukungu itupeni. Kuchachusha si dawa ya kuisafisha sumu yake. Mwaka 2004, katika mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu katika mahindi. Kadhalika togwa au mtindi uliootesha ukungu umwagwe, na kibuyu kioshwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani.

Hayo yote tulimweleza yule mwana, tukiketi naye nje ya nyumba yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi nilidhani namheshimu." Tukamjibu kwamba alimheshimu kweli, kwa kadiri alivyojua. Akampeleka mama hospitali, akapimwa, wakaona damu yake pungufu, wakampa dawa. Na nyumbani kibuyu kikarudi.

Juma lililopita tulikwenda tena. Hatuwezi kuandika kwamba mama amekuwa kijana, maana si kweli. Bado hajafika kanisani, na kilima kingali mbele yake. Lakini tulipobisha hodi, alituinukia mwenyewe kutoka kitini, akaja mpaka kizingitini akatushika mikono, na safari hii tuliusikia mshiko wake. Alikuwa akichambua kunde kwa chakula cha mchana. Alicheka akasema, "Mwanangu sasa hunionja togwa kwanza, aone kama si pombe. Naona nayo humpendeza."

Wapendwa, amri ya kuwaheshimu baba na mama haikomei katika maneno ya adabu na nguo mpya za Krismasi. Huingia jikoni. Leo jioni, kabla ya kumpelekea mzee wako sahani yake, itazame kidogo, ukajiulize kama wewe ungeweza kutembea hata kanisani kwa chakula hicho. Kisha muulize yeye alikuwa akila nini zamani alipokuwa na nguvu, na umsikilize.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye visima. Neema na iwe pamoja nanyi nyote, vijana na wazee.